Ufukweni, Kwenye Boya au Kufuata Mkondo: Mbizi Ipi ya Mwambani Ikufae?

Mtu akishapata cheti chake cha kwanza cha kuzamia kwa mtungi, kinachomsumbua si tena namna ya kupumua chini ya maji. Mwamba wa matumbawe uko pale, kivuli chake cha kahawia anakiona kutoka nchi kavu, na njia za kuufikia ni tatu. Anaweza kuingia kwa miguu yake kutoka ufukweni. Anaweza kupelekwa na boti inayofungwa kwenye boya, akashuka kwa kamba na kupanda kwa kamba. Au anaweza kushushwa mwanzo wa mwamba, akajiachia kwa mkondo, boti ikamfuata hadi atakapoibukia. (Wale wanaozamia melini bila tiketi wana mahesabu yao mengine, hayamo humu.)

Wengi huchagua kwa picha walizoziona au kwa kufuata rafiki. Mimi huanza na swali moja: mbizi ikiisha, nani anamrudia nani? Ukiingia kutoka ufukweni, wewe ndiye unayeirudia nchi kavu, kwa nguvu zako. Kwenye boya, unairudia boti iliyofungwa. Kwenye mkondo, boti ndiyo inayokurudia wewe. Saa ya kuingia, kiasi cha hewa, kina na hata mwenzako wa kuzama naye, vyote vinategemea jibu hilo. Ndiyo maana mbizi naipanga nikianzia mwisho wake.

Vitu vya kupima kabla ya kuchagua

Kuingia na kutoka. Kutoka kuna uzito kuliko kuingia. Unaingia ukiwa na nguvu na mtungi umejaa. Unatoka umechoka, hewa imebaki kidogo, na saa nzima imepita huku bahari ikibadilika bila kukuuliza.

Maji. Katika pwani nyingi bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kutoka kujaa hadi kupwa huchukua saa sita na dakika chache. Mabaharia wana hesabu ya zamani ya kumi na mbili: gawa kimo chote cha maji sehemu 12, saa ya kwanza hushuka sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Maana yake nusu ya maji yote huhama katika saa mbili za katikati, na hapo ndipo mkondo kwa kawaida hukaza. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, ni bamvua: maji hupanda sana na kukauka sana, na mikondo huwa mikali. Mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, na bahari huenda taratibu. Hesabu hii ni ya kukadiria tu. Kuna milango ya miamba, yaani nafasi ambamo maji hupenya, ambako mkondo hugeuka nusu saa au zaidi baada ya maji kugeuka, na anayelijua hilo ni mtu anayezama hapo kila wiki.

Hewa na kina. Hapa tufanye hesabu yenyewe, kwa sababu ndiyo itakayotumika kwa njia zote tatu. Presha huongezeka bar 1 kwa kila mita 10 za maji ya chumvi: juu ni bar 1, mita 10 ni bar 2, mita 20 ni bar 3. Mtungi wa lita 12 uliojazwa bar 200 una lita 2,400 za hewa. Tuchukue mtu anayetumia lita 20 kwa dakika akiwa juu, kiwango cha kawaida kwa asiye na mbizi nyingi. Akitaka kutoka na akiba ya bar 50, amejiwekea lita 600, na zilizobaki ni 1,800. Kwenye mita 10 anatumia lita 40 kwa dakika, kwa hiyo ana dakika 45. Kwenye mita 20 ni lita 60 kwa dakika, na dakika zake zimeshuka hadi 30. Akipambana na mkondo matumizi yanaweza kuongezeka maradufu, na hesabu yote inavunjika.

Kuna na mpaka wa naitrojeni inayoingia mwilini. Jedwali la PADI, shirika la mafunzo ya uzamiaji, linalotumiwa sana hutoa dakika 56 kwenye mita 18 na dakika 20 tu kwenye mita 30 kwa mbizi ya kwanza ya siku. Cheti cha kwanza kwa kawaida humruhusu mtu hadi mita 18, cha ngazi inayofuata mita 30, na dari ya mbizi za burudani ni mita 40.

Aliye juu. Nani anajua kwamba uko chini, saa ngapi unatarajiwa, na atafanya nini usipotokea?

Mwamba wenyewe. Matumbawe ya aina ya mawe makubwa ya mviringo hukua milimita chache kwa mwaka. Teke moja la pezi laweza kuvunja kazi ya miaka mingi, na kila njia ina namna yake ya kuhatarisha mwamba.

Kuingia kutoka ufukweni

Kuingia na kutoka. Uzuri wa njia hii ni uhuru: unaingia ukitaka na kutoka ukitaka, hakuna kengele ya nahodha. Bei ya uhuru huo ni mzigo. Mtungi wa kawaida wa alumini uliojaa unakaribia kilo 17, ongeza vizito vya risasi, koti la kuelea na regyuleta (kifaa cha kupumulia), kisha tembea na vyote hivyo juu ya mchanga wenye jua kali. Kabla hata ya kuvaa, kaa uitazame bahari kwa robo saa. Mawimbi huja kwa makundi: makubwa matatu au manne, kisha utulivu. Anayeingia mara tu anapofika haoni kundi kubwa hadi limfikie kiunoni.

Ukiingia, regyuleta iwe mdomoni na maski usoni mpaka upite pale mawimbi yanapovunjika. Ukishavaa mapezi, tembea kinyumenyume au kwa ubavu, na uburute nyayo mchangani, usizinyanyue. Samaki aitwaye taa hujifukia mchangani, na akihisi mtikisiko huondoka mwenyewe kabla hujamkanyaga.

Sasa kutoka. Siku moja niliingia maji ya bamvua yakiwa yameshaanza kupwa, mwamba uko mita moja chini ya tumbo langu, kila kitu rahisi. Nilikaa dakika 50, nikakaa tena juu nikizungumza na mwenzangu, tukaanza kurudi. Uwanda wa mwamba tulioupita tukiogelea ulikuwa sasa unachungulia jua, vidimbwi vya hapa na pale na wanyama wenye miiba mirefu myeusi kila penye tundu. Tulitembea na mitungi mgongoni kwa muda uliozidi mbizi yenyewe. Kosa halikuwa la bahari. Ratiba ya maji ilikuwa mfukoni mwangu, nimeisoma kwa ajili ya kuingia tu. Tangu siku hiyo naandika kwanza saa ya kutoka, halafu narudi nyuma.

Maji. Kwa sababu hiyo, mwambani kwenye uwanda mrefu ingia nusu saa au zaidi kabla maji hayajajaa kabisa, ili utoke yakiwa bado juu. Jihadhari na mlango wa mwamba, ile nafasi ambayo maji ya nyuma ya mwamba hutokea kurudi bahari kuu. Yanapokupwa, maji yote yaliyomwagika kupitia juu ya mwamba hutafuta tundu hilo moja, na mtu aliye karibu huvutwa nayo. Ukijikuta humo, usipingane nayo. Ogelea kukata njia yake, kwenda upande, hadi ikuachie. Upepo nao: upande wa joshini, unaopigwa na upepo, huwa na mawimbi na maji ya vumbi, upande wa demani huwa tulivu. Kama pwani haina upande wa demani siku hiyo, njia hii imejifunga yenyewe.

Hewa na kina. Hapa kanuni ni ya nusu. Una bar 200, toa akiba ya 50, zimebaki 150. Nusu yake ni 75. Geuza ukifika bar 125, hata kama kasa amejitokeza bar 124. Anza kwa kwenda dhidi ya mkondo ili ukirudi ukusukume. Kina huongezeka taratibu kwa kufuata mteremko, na kurudi unapanda taratibu vilevile. Dakika zako tatu za kusimama kwenye mita 5, ili naitrojeni itoke mwilini, unazitumia ukitazama samaki wadogo wa maji ya juu badala ya kuning'inia kwenye kamba. Sijui mbizi nyingine inayokupa kituo cha usalama chenye mandhari kiasi hicho.

Aliye juu. Hakuna, isipokuwa umemweka. Mwache mtu ufukweni mwenye saa, simu, na karatasi iliyoandikwa: tumeingia saa fulani, tukichelewa dakika 30 fanya hivi. Vuta boya lenye bendera ya wazamiaji, nyekundu yenye mstari mweupe wa mshazari, maana boti zinazopita karibu na pwani hazikuoni ukiwa chini. Ile ya bluu na nyeupe ni ya chombo. Huinuliwa na boti yenye watu majini.

Mwamba. Uharibifu hapa ni wa nyayo. Tafuta njia ya mchanga kati ya vichwa vya matumbawe, na kama haipo, panga mbizi nyingine.

Inamfaa aliye na mguu imara, anayetaka kukaa sana kwenye mita 5 hadi 12, anayependa kuupitia mwamba uleule tena na tena hadi ajue pango la kila samaki mkunga. Inamfaa pia mpiga picha za vitu vidogo. Haimfai mwenye mgongo au magoti mabovu, wala anayeogopa mawimbi.

Kushuka kwenye boya

Kuingia na kutoka. Unavaa ukiwa umekaa, mtu anakusaidia kufunga mkanda, unapiga hatua kubwa kutoka nyuma ya boti au unajibwaga kinyumenyume kutoka ubavuni, na umeshafika. Kwa anayeanza, hili peke yake huondoa nusu ya wasiwasi. Kutoka ni ngazi, na ngazi ina tabia zake. Boti ikipandishwa na wimbi, ngazi hupanda nayo kisha hushuka kwa kishindo. Subiri, ishike ikiwa chini, ipande ikikunyanyua. Usikae chini ya mtu anayepanda. Mtungi wake ukichomoka kwenye mkanda, utashukia juu ya kichwa chako.

Maji. Nahodha mzuri huchagua boya lililo demani siku hiyo, na hiyo ndiyo faida kubwa: mwamba mmoja ukikataa, mwingine uko dakika ishirini mbele. Mkondo ukiwepo, hufungwa kamba ndefu nyuma ya boti yenye boya mwishoni, ili anayeibukia nyuma apate pa kushika. Mimi hufanya jaribio dogo: nikiingia, naogelea juu kutoka nyuma ya boti hadi kwenye kamba ya boya mbele. Nikifika nikihema, mkondo huo ni mkali kwa mbizi ya kwenda na kurudi, na namwambia nahodha kabla sijashuka.

Hewa na kina. Kamba ni msaada mkubwa kwa masikio. Unashuka mkono juu ya mkono, unasawazisha kila nusu mita, na sikio likigoma unapanda kidogo tu badala ya kuzama kama jiwe. Kwa kuwa boti inaweza kufungwa juu ya mwamba wenye kina zaidi, hapa ndipo watu hufika mita 25 hadi 30, na hapo hesabu ya hewa lazima iwe kali: kwenye mita 30 yule mtu wetu anatumia lita 80 kila dakika. Nenda kwanza kwenye kina kikubwa, kisha panda hatua kwa hatua, uwe umefika chini ya kamba na bar 70 au 80. Wenye cheti cha hewa iliyoongezwa oksijeni hufaidi zaidi hapa. Mchanganyiko wenye oksijeni asilimia 32 hurefusha muda wa katikati ya mita 18 na 30, lakini una mpaka wake, takriban mita 33, na chini ya hapo oksijeni yenyewe huwa sumu.

Usichague kina kwa sababu boti imekupeleka juu yake. Rangi za matumbawe, samaki wengi na mwanga mwingi vipo kwenye mita 15 za juu.

Aliye juu. Kuna nahodha, redio, na panapostahili jina la boti ya wazamiaji kuna oksijeni ya huduma ya kwanza. Mtu akitoka na dalili za ugonjwa wa kupanda haraka, oksijeni safi ndiyo kitu cha kwanza anachopewa. Uliza kabla ya kuondoka, na uombe kuona mtungi wake, usiridhike na jibu la “ipo”. Swali la pili: mnahesabuje watu? Mwezi Januari 1998 wazamiaji wawili Wamarekani waliachwa kwenye Great Barrier Reef, Australia, baada ya hesabu ya watu kukosewa, na kutokuwepo kwao hakukugunduliwa hadi siku mbili baadaye. Hawakuonekana tena. Orodha yenye jina, ambayo kila mtu anaitikia mwenyewe baada ya mbizi, ni bora kuliko kichwa cha mtu anayehesabu mitungi.

Mwamba. Tofauti kati ya boya la kudumu na nanga ni kubwa kuliko inavyoonekana. Nanga huangukia matumbawe, na mnyororo wake hufagia duara kila boti inapogeuka na upepo. Ukiona nanga inatupwa juu ya mwamba penye boya la kufungia, hiyo inakueleza mengi kuhusu chombo hicho.

Kichefuchefu kipo. Dawa nyingi za bahari huleta usingizi, na usingizi haufai chini ya maji, kwa hiyo ijaribu dawa yako siku usiyozama.

Inamfaa anayeanza, anayerudi baada ya miaka bila kuzama, mwenye masikio yanayogoma, na familia ambayo mmoja anazama na wengine wanaogelea juu. Inaweza kumchosha anayechukia kurudi alikotoka.

Kufuata mkondo

Kuingia na kutoka. Boti haijafungwa popote. Nahodha anaipanga juu ya mkondo, anaweka gia huru, anasema “nendeni”, na wote wanaingia ndani ya sekunde chache. Anayechelewa kurekebisha maski anaibukia mita mia mbali na wenzake. Kwa hiyo kila kitu hukaguliwa kabla ya kusimama: valvu imefunguliwa, hewa imepumuliwa mara tatu ukitazama geji, koti limepunguzwa upepo kama mtakubaliana kushuka moja kwa moja. Mwisho wake ni wa kustarehe, mradi mmejipanga: mnaibukia pamoja, mnakaa pamoja, nahodha anakuja. Msiogelee kuifuata boti. Ngojeni mpaka aoneshe kwamba rafadha imesimama.

Maji. Hapa mkondo ndio usafiri. Ukienda maili moja ya baharini kwa saa, yaani mita 1,852, unakupeleka takriban mita 31 kila dakika. Katika dakika 40 umepita zaidi ya kilomita moja ya mwamba bila kupiga teke. Mwendo huohuo, ukijaribu kuupinga na mtungi mgongoni, utakumaliza hewa. Wazamiaji wachache sana huweza kuuogelea kwa dakika nyingi. Ndiyo sababu anayeona kitu kizuri kimebaki nyuma yake hukiaga tu.

Kwenye kona za ukuta wa mwamba mkondo huweza kugeuka na kushuka. Dalili yake ni mapovu yako mwenyewe: yakianza kuzunguka au kushuka badala ya kupanda, sogea kando kulikata eneo hilo, mkono mmoja kwenye koti la kuelea, jicho kwenye kina. Huwa jembamba. Kinachowaumiza watu ni kuogelea wima kulipinga, kisha kupaa kwa kasi linapowaachia ghafla, koti likiwa limejaa upepo.

Hewa na kina. Kwa kuwa hufanyi kazi, matumizi ya hewa hushuka na wengi hushangaa kukaa muda mrefu kuliko kawaida. Lakini hapa saa ya kundi ni ya mtu mmoja: yule anayepumua zaidi. Akifika bar 70, kundi zima linaanza kupanda, ama awe amepangwa na mwenzake wapande wawili wakiwa na boya lao. Hilo liamuliwe botini. Na hakuna kamba. Kituo cha mita 5 unakifanya katikati ya bluu, bila mwamba wa kutazama, ukijua kina chako kwa kompyuta ya mkononi tu. Asiyeweza kusimama mita 5 kwa dakika tatu bila kushika kitu bado hajafikia mbizi hii, hata kama cheti chake kinasema vingine.

Aliye juu. Kila kitu kimebebwa na nahodha. Anafuata mapovu, au boya ambalo mwongozaji analivuta kwa uzi. Zaidi ya hilo kila jozi iwe na boya lake la mrija, lile la rangi ya chungwa linalojazwa hewa na kusimama wima juu ya maji. Lirushwe kutoka chini kabla ya kuibuka, ili boti ijue mtakapotokea. Filimbi na kioo kidogo havichukui nafasi mfukoni. Sipendi mbizi ya mkondo ya jioni sana: jua likiwa chini, mwako wake juu ya maji huficha vichwa vya watu, na saa moja ya kutafuta mtu ikigeuka giza haina jina zuri.

Mkikubaliana kuhusu kupotezana, iwe hivi: tazama huku na huku kwa dakika moja, kisha panda kwa kawaida na kukutana juu. Kwenye mkondo, anayebaki chini akitafuta kwa dakika tano anaweza kumwacha mwenzake mita 150 au zaidi mbali.

Mwamba. Anayepita bila kusimama hagusi kitu, na kwa hilo njia hii ni safi kuliko zote. Tatizo huanza na kamera: mtu anataka kusimama, anashika tumbawe, na mkondo unaling'oa pamoja na mkono wake. Kulabu ya kujishikizia mwambani, pale inaporuhusiwa, huwekwa kwenye jiwe lililokufa pekee.

Inamfaa aliyetulia majini, anayependa kuona mwamba mrefu na samaki wakubwa wanaokuja kula penye maji yanayokwenda. Mwenye magoti mabovu pia hufurahia, akisaidiwa kuvua vifaa majini kabla ya ngazi. Haimfai mwenye mbizi kumi, hata akisukumwa na marafiki.

Yasiyobadilika kwa njia yoyote

Kupanda kusizidi mita 9 kwa dakika. Dakika tatu kwenye mita 5. Maji ya joto hudanganya: maji hunyonya joto la mwili takriban mara 25 kuliko hewa, na hata kwenye nyuzi 28 mtu wa mbizi ya pili huanza kutetemeka, kwa hiyo suti ya milimita 3 si ya wenye baridi peke yao. Kunywa maji. Ndege, kwa mwongozo wa DAN, shirika la usalama wa wazamiaji, isubiri angalau saa 12 baada ya mbizi moja isiyohitaji vituo vya lazima vya kutoa naitrojeni, na saa 18 baada ya mbizi kadhaa au za siku kadhaa.

Ukiwa katika hali hii

Umepata cheti wiki iliyopita na mwenzako naye ni mgeni. Boya, mwamba wa mita 8 hadi 15, maji mafu, na mwongozaji awe pamoja nanyi. Ufukwe mtulivu pia wafaa, lakini nendeni na mtu aliyewahi kutokea hapo.

Una siku nyingi, hela za boti zinakuuma, na mwamba uko mita chache kutoka mchangani. Ufukwe, ukiwa na ratiba ya maji na mtu wa kukaa na nguo zako. Zama hapo mara tano kabla ya kusema umeuona.

Mko kundi la watu wenye viwango tofauti. Boya. Wenye uzoefu washuke kwanza kwenye kina, wengine wabaki juu ya mwamba, na wote warudi kwenye kamba ileile. Mkondo haupendi makundi ya namna hiyo.

Ni bamvua na kila mtu anasema maji “yanakwenda”. Kama mna nahodha anayeijua njia ya mwamba huo na wote mna maboya, huu ndio wakati wa mkondo. La sivyo subirini maji yasimame mkazame kwenye boya. Ufukweni penye mlango wa mwamba, siku hiyo msiingie yakikupwa.

Kamera ni kubwa kuliko mkoba wako. Ufukwe au boya. Kwenye mkondo iache kamera nyumbani, angalau mbizi mbili za kwanza.

Mawimbi yanapiga ufukweni lakini nje kumetulia. Boti, ya aina yoyote. Kinyume chake pia hutokea: upepo unaitikisa boti kuliko matumbo yenu yanavyoweza, huku pwani ya demani ikiwa kama kioo.

Umebaki na siku mbili kabla ya ndege. Weka mbizi yenye kina siku ya kwanza asubuhi, kwenye boya. Ya mwisho iwe fupi, ya mita 10, na uhesabu saa 18 kurudi nyuma kutoka saa ya kuruka kabla hujalipia nafasi.